Kusini Ipi

Nilipopata akili jalada lilikuwa limeshaliwa,
mchwa wa Masasi, mwaka ambao korosho zilioza ghalani.
Kilisalia kipande cha ukubwa wa sahani:
wanaume watano wenye ndevu wameegemea lori bovu,
na mkono wa mtu wa sita, mwenyewe kaliwa.
Jina la bendi hakuna. Jina la santuri hakuna.
Karatasi ya katikati ilichubuka zamani.
Lipo neno moja la Kizungu, baba alitusomea:
Kusini.

"Wa Kusini hawa," akasema, "kama sie."
Tukaamini. Maana gazeti la Jumatatu
tulilisoma Ijumaa, Rufiji ikijaa tulilisoma mwezi ujao,
na mtumishi akihamishiwa huku
mkewe aliangua kilio cha matanga.

Baba ni Gaudensi Nampunju, fundi redio, nyuma ya stendi ya zamani.
Santuri ilikuwa malipo. Mwalimu wa hisabati, mgeni wa miaka miwili,
aliondoka na deni la gramafoni iliyotengenezwa mara nne,
akaacha gramafoni, akaacha santuri,
akaacha na soksi, sijui kwa nini tulizitunza.

Wajuzi wa ng'ambo huzipanga santuri za namna ile:
hii ya tatu, ile ya thelathini, hii ndiyo iliyofungua mlango.
Baba aliipa ya kwanza.
Alikuwa nayo moja.

Jioni alifuta sindano kwa pindo la shati.
Gitaa la kwanza liliingia kama mtu anayebisha hodi
naye keshakaa.
La pili likamfuata nyuma, hatua kwa hatua, likimsuta.
La tatu ndilo lililokuwa likilia: mtu anaburuza
shingo ya chupa juu ya nyuzi.
Baba alikata chupa yake ya uraka akajaribu
kwenye gitaa la kwaya. Padri akalichukua gitaa.

"Sikiliza chini," alisema, "chini ya magitaa.
Huyo si mwenye ndevu.
Huyo ni bibi mwenye kapu la pamba, hawakumpiga picha."
Ndiyo historia ya muziki niliyofundishwa,
yote, na mtu mwenye bisibisi sikioni.

Wimbo wa nne unaruka.
Pale magitaa yanapokimbizana, tik, yanakimbizana tena, tik,
halafu ghafla wamefika, bila kusema walipitia wapi.

Mwaka jana gramafoni ilikuwa bado inapumua.
Mpwa wangu Hermelinda akaisogezea simu,
simu ikausikiliza wimbo, ikautambua,
ikaleta jalada zima.
Lori lina matairi yote. Mtu wa sita ana kofia.
Na juu, kona ya kulia, bendera:
msalaba wenye nyota.
Hermelinda akasoma maelezo polepole, kama anayesoma vipimo vya mgonjwa:
bendera ya waliopigana vita
ili wasiwaachie watumwa wao.

Sisi ni watu wa Masasi.
Bibi mzaa baba alizaliwa na mtu aliyefika hapa kwa miguu
kutoka pwani, huru, hana ukoo wa kumdai,
akapewa kiwanja chini ya mwamba
na jina la mtakatifu asiyemjua.

Nikatoa kipande chetu sandukuni, nikakigeuza kwenye mwanga.
Chini ni meno ya mchwa, wamekwenda walikotaka.
Juu kulia mkato umenyooka.
Mchwa hawali kwa rula.
Ni wembe.

Na kila jioni aliipiga. Pande zote mbili.

"Shangazi, nizime?"
Nikamwambia sogeza mbele, ule wa nne.
Ukapigwa simuni mpaka mwisho,
magitaa yakakimbizana njia nzima bila kuruka,
nikaona wamekosea.